Kodi ya F inayouma: ukulele mpya yenye nyuzi juu mno

Chombo chenyewe ni soprano, ile ukulele ndogo ambayo wengi huanzia, yenye uzi wa milimita 345 kutoka kichwani hadi kwenye daraja (kile kipande kilichogandishwa mwilini kinachoshika nyuzi). Ni mpya. Mwenyewe ana wiki tatu tangu aanze kujifunza, na malalamiko yake ni mawili. Kodi ya F (noti zinazopigwa pamoja, si ile inayodaiwa na serikali) inamuumiza ncha ya kidole cha shahada. Tena hata akiibana sawasawa, inasikika chachu. Kodi za C na Am hazina neno. Ameshaambiwa vidole vyake bado laini, ameshaambiwa abadilishe nyuzi, ameshaambiwa akaze upya uzi wa E (nyuzi nne huitwa G, C, E na A). Yote kayafanya na F ni ile ile.

Maelezo hayo peke yake yanaonyesha ubovu ulipo kabla hata ya kushika rula. C hubanwa kwa kidole kimoja kwenye freti ya 3 ya uzi wa A (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani). Am hubanwa kwenye freti ya 2 ya uzi wa G. F ndiyo inayodai freti ya 1, kwenye uzi wa E. Chombo kikiwa kigumu na kichachu kwenye freti ya 1, kisha kikalainika kadiri mkono unavyosogea kuelekea mwilini, basi nyuzi zimenyanyuliwa mno upande wa kichwa. Ugumu ungezidi kadiri unavyoikaribia freti ya 12, kosa kubwa lingekuwa upande wa daraja. Wengi huvamia daraja kwanza kwa kuwa kipande chake huchomoka kirahisi. Wakimaliza kazi hiyo, F haijabadilika kiasi cha kuonekana.

Sehemu zinazohusika

Mwisho wa ubao wa vidole, pale shingo inapokutana na kichwa, kuna kipande cha plastiki au mfupa chenye mifuo minne ya kupitishia nyuzi. Hapa tutakiita kizingiti. Upande wa pili, juu ya daraja, kumesimama kipande kingine chembamba kinachobeba nyuzi. Hicho tutakiita kigongo. Kizingiti hutawala freti za mwanzo, kigongo hutawala za mwisho, na katikati vinagawana mamlaka.

Shingo nayo ina lake. Ukulele nyingi hazina ile fimbo ya chuma ndani ya shingo kama ya gitaa, kwa hiyo shingo iliyopinda haina skrubu ya kuinyoosha. Ndiyo maana hukaguliwa mwanzo: bana uzi wa C kwenye freti ya 1 na ya 12 kwa wakati mmoja, uzi wenyewe uwe rula, kisha tazama mwanya uliopo juu ya freti ya 6. Katika kisa hiki karatasi moja ilipita na ya pili ikaunyanyua uzi, yaani kama milimita 0.1. Shingo ni nzima. Mwanya ukizidi milimita 0.5, acha tupa (chuma cha kusugulia) mezani umtafute fundi, maana utakachokuwa unatibu kwenye kizingiti ni ugonjwa wa shingo.

Kupima bila vifaa vya fundi

Rula ya kawaida haifai kwenye freti ya 1. Mistari yake ni minene kuliko tofauti tunayoitafuta. Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Usipoamini, pima rimu nzima: karatasi 500 hufika karibu sentimita 5. Kata vipande vyenye upana wa milimita 5 hivi, vipange juu ya freti ya 1 chini ya uzi, na kila ukiongeza kimoja udonoe uzi kwa ukucha. Ukilia wazi, ongeza. Ukifa sauti, toa cha mwisho uhesabu vilivyobaki. Vipande 9 ni milimita 0.9. Vibane kwa kucha visiachiane hewa katikati, la sivyo hesabu itadanganya.

Kwa freti ya 12 tumia kadi ya plastiki iliyokwisha muda, kama zile za benki. Kadi hizo hutengenezwa kwa unene mmoja wa milimita 0.76, isipokuwa pale penye namba zilizochomoza, ambapo hapafai kupimia. Kata vipande vya upana wa sentimita moja. Kadi tatu na karatasi mbili zinatoa milimita 2.48, kipimo tunachokihitaji mwishoni, kwa hiyo vigandishe kwa utepe uviweke.

Nyuzi zote zikiwa zimekazwa kwenye sauti zake, G C E A, vipimo vilikuwa hivi. Freti ya 1: G 0.8, C 0.9, E 0.9, A 0.8. Freti ya 12: milimita 3.3 chini ya C na 3.1 chini ya A. Ukulele ya mwanafunzi huchezeka vizuri ikiwa na 0.4 hadi 0.5 kwenye freti ya 1, na kati ya 2.3 na 2.8 kwenye ya 12. Chini ya 2.0 mwanafunzi huvutiwa na ulaini wake, halafu anacharaza kwa nguvu na nyuzi zinagonga freti, maana uzi wa nailoni hupepea kwa upana, na kwenye soprano haukazwi sana.

Kipimo kingine kilichochukuliwa ni cha sauti, kwa kipima sauti cha kubana kichwani mwa ukulele. Nusu-toni moja, yaani hatua ya freti moja, ina senti 100. Uzi wa E uliokazwa sawa kabisa, ukibanwa freti ya 1, ulitoa F iliyopanda senti 17. Kwenye freti ya 12 ulipanda senti 9. Uchachu wa F umeonekana kwa namba: uzi uliokaa juu sana ukishushwa kwa kidole hadi kwenye freti unavutika, na uzi uliovutika hupanda sauti. Karibu na kizingiti uzi unalazimika kushuka ndani ya kipande kifupi cha chini ya milimita 20, ndiyo maana hata sehemu ndogo ya milimita inasikika, na ndiyo maana pia kidole kinauma. Kukaza upya hakusaidii. Ukiishusha E ili F ikae sawa, E yenyewe wazi itakuwa chini, na C na Am zitaharibika.

Lipo jaribio moja linalokihukumu kizingiti peke yake, bila kigongo kuingilia. Bana uzi katikati ya freti ya 2 na ya 3 mpaka ulale juu ya freti ya 2, kisha tazama mwanya uliobaki juu ya freti ya 1. Kizingiti kikiwa sawa, mwanya huo ni wa karatasi moja inayopita kwa kusuguana. Hapa zilipita karatasi tatu chini ya E. Jaribio hili ndilo utakalolirudia mara nyingi kuliko yote, kwa hiyo lizoee kabla ya kuanza kukwangua kitu.

Hesabu kabla ya tupa

Mwanya wa milimita 0.9 kwenye freti ya 1 haukuletwa na kizingiti peke yake. Kigongo kirefu nacho kinaunyanyua uzi mzima, na kwenye freti ya 1 mchango wake hapa ni karibu milimita 0.3. Kwa hiyo anayelenga 0.45 asitoe yote 0.45 kwenye mifuo. Kigongo kitakaposhuka, sehemu ndogo itajitoa yenyewe.

Kanuni ni mbili na zinatosha. Ukitoa kitu kwenye kizingiti, freti ya 12 hushuka kwa nusu yake. Ukitoa kitu kwenye kigongo, freti ya 12 hushuka kwa nusu yake pia, kwa sababu freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi. Kushusha mfuo wa C kwa milimita 0.4 kutaipeleka freti ya 12 kutoka 3.3 hadi 3.1. Tunataka 2.5. Zimebaki 0.6, mara mbili ni 1.2. Hicho ndicho kiasi cha kukata chini ya kigongo. Kwenye freti ya 1, milimita 1.2 za kigongo zitashusha uzi kwa milimita 0.07 tu, na hapo unaona kwa nini aliyeanza na daraja haoni F ikipona.

Kipi kianze? Mafundi wanatofautiana, na kwa kuwa jaribio la freti ya 2 halijali kigongo, hata kwa hesabu hakuna ugomvi. Sisi tunapendelea kizingiti kwanza. Mara nyingi baada yake mwenye chombo hugundua kwamba kimo cha freti ya 12 kinamtosha, na kigongo kinabaki salama.

Mifuo ya kizingiti

Fundi ana tupa maalumu, kila moja na upana wake. Nyumbani hutumika tupa nyembamba za sindano, au msasa namba 400 uliokunjwa mara mbili na kubanwa kwenye ukingo wa wembe mkongwe uliofanywa butu. Msasa uliokunjwa hivyo hukaribia nusu milimita, kiasi kinachofaa nyuzi nyembamba. Kwa uzi wa C kunja mara moja zaidi. Pima, usikisie, kwa sababu upana wa mfuo una maana yake. Nyuzi za nailoni za soprano kwa kawaida huwa hivi: A na G kati ya milimita 0.55 na 0.7, E karibu 0.7 hadi 0.8, C kati ya 0.85 na 1.0. Sauti ya G iko juu katika mpangilio wa kawaida wa ukulele, si uzi mnene kama mgeni kutoka kwenye gitaa anavyodhani, kwa hiyo mifuo ya nje yote miwili ni myembamba. Mfuo mwembamba kuliko uzi huubana, na unapokaza utasikia "tik!" na sauti ikaruka. Mfuo mpana mno huuacha uzi utikisike na kulia kama nzi chupani.

Bandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, mbele ya kizingiti kwenye ubao na nyuma yake kwenye kichwa. Weka kipande cha kadi juu ya freti ya 1. Tupa ikiteleza, ikwaruze kadi. Legeza uzi mmoja tu, kiasi cha kuutoa kwenye mfuo na kuupumzisha pembeni. Hakuna haja ya kulegeza zote nne: zikibaki zimekazwa, kizingiti hakiruki na vipimo vya jirani vinabaki kweli.

Sasa jambo ambalo makosa mengi hutokea. Sakafu ya mfuo inatakiwa kuinamia kichwani, kama paa linalomwaga maji upande wa nyuma, ili mahali pa juu kabisa pawe ukingo wa mbele, ule unaotazama freti. Inamisha tupa kufuata mteremko wa kichwa, au nusu ya mteremko huo ikiwa kichwa kimeinama sana. Ukishika tupa mlalo sawa na ubao, uzi utalala juu ya mfuo mzima na kulia zzz bila kuguswa. Ukiinamisha kinyume, mbele kukawa chini kuliko nyuma, uzi utaanzia nyuma ya mahali pake. Urefu wake unaongezeka na freti zote zinakuwa na sauti zisizokaa sawa. Angalia kwa ubavu kila baada ya hatua.

Sukuma tupa kutoka ubaoni kuelekea kichwani, mara nne au tano, bila kukandamiza. Futa unga, rudisha uzi, ukaze mpaka sauti yake, fanya jaribio la freti ya 2. Uzi uliolegea hauketi chini kabisa mwa mfuo, na kipimo kitakachopatikana kitakuambia bado kumbe tayari. Kukaza na kulegeza huko kunachosha, tunajua. Uzi wa E hapa ulihitaji mizunguko saba kama hiyo kutoka karatasi tatu hadi moja. Unga ule mweupe usiutupe. Ukusanye kwenye karatasi.

Baada ya C, E na A kukaa kwenye karatasi moja, vipimo vya uzi wazi kwenye freti ya 1 vilikuwa karibu 0.5. Freti ya 12 ya C ilikuwa 3.1, kama hesabu ilivyosema.

Wengine wangechomoa kizingiti na kukisugua chini, na kwa kuwa mifuo yote ilitofautiana kwa milimita 0.1 tu, njia hiyo ilikuwa na hoja. Inashusha nyuzi zote pamoja na haigusi mifuo. Ila kizingiti hiki kilikuwa kimegandishwa na vanishi imepita juu ya maungio. Kukigonga kitoke bila kwanza kuchanja vanishi kwa wembe kungeng'oa kipande cha kichwa. Kikiwa kimelegea mkononi mwako, sawa. Kikiwa hakitoki, usishindane nacho.

Uzi wa G ulivyozidi

Wa mwisho ulikuwa G, na huo ndio ulioharibika. Mkono ulishazoea, ukasukuma mara nane bila kurudisha uzi kupima. Mfuo mwembamba hukatika upesi kuliko mpana, kwa kuwa nguvu ile ile inakaa kwenye eneo dogo. Jaribio la freti ya 2 likaonyesha hakuna mwanya hata wa karatasi, na G ikidonolewa wazi ikatoa zzz iliyoufunika mlio wenyewe. Ikibanwa freti ya 1, kimya, sauti safi.

Dalili hiyo ya wazi inakoroma, ikibanwa inatakata, ina maana mbili tu: mfuo umezama, au mteremko wake ni mbovu. Zitenganishwe kabla ya kutibu. Kipande kidogo cha karatasi ya aluminiamu, kilichokunjwa mara mbili, kiliwekwa ndani ya mfuo chini ya uzi. Mlio ukatoweka. Kwa hiyo ni kina. Kama ungebaki, tupa ingerudi kunyoosha mteremko kwanza. (Uzi unaokoroma kwenye freti moja tu ya katikati ni kesi nyingine, hapo freti ya mbele yake imechomoza, na kizingiti hakina kosa.)

Matengenezo yake ndiyo sababu ya kuweka ule unga. Toa uzi, safisha mfuo kwa mswaki mkavu, zungushia utepe pande zote mbili. Jaza unga mfuoni kwa ncha ya kijiti cha meno, usindilie kidogo ufikie juu kuliko unapotaka uishie. Dondosha gundi ya papo hapo kwenye kipande cha plastiki, ichovye kwa ncha ya sindano, gusa unga mara moja. Itanyonywa yenyewe. Usiminye chupa moja kwa moja juu ya kizingiti: tone la chupa ni kubwa mara kumi ya linalotakiwa, litatambaa hadi kwenye ubao na kuacha doa kwenye vanishi ambalo halitoki. Fungua dirisha, weka uso mbali, moshi wake unachoma macho. Isigusane na pamba au kitambaa cha pamba, kwa kuwa gundi hiyo ikilowa kwenye pamba hupata joto kali.

Baada ya saa moja, unga na gundi vilikuwa vimegeuka kitu kigumu karibu sawa na plastiki yenyewe. Mfuo ukachongwa upya, sukuma tatu, pima, sukuma tatu, pima. Karatasi moja. Huko mbele uzi huu unaweza kuzama tena haraka kidogo kuliko wenzake, lakini kwa nailoni, isiyo na chuma cha kusaga, mfuo uliojazwa hivi hudumu muda mrefu.

Kilichobaki ni sehemu ya juu ya kizingiti. Mifuo iliposhuka, nyuzi zilizama ndani kama gari ndani ya matuta. Nusu ya unene wa uzi inatakiwa ionekane juu. Uzi uliozama kabisa hubanwa na kuta na haushiki sauti. Sehemu ya juu ikasuguliwa kwa msasa namba 240, kisha 400, ikafuatwa umbo lake la mviringo. Mwisho, penseli laini ikachorwa ndani ya kila mfuo. Unga wake mweusi huteleza vizuri na huondoa ile "tik".

Kigongo

Hapa kazi ni nyepesi. Ukulele hii ina kigongo kinachochomoka. Zipo zenye kigongo kilichogandishwa au kilichochongwa pamoja na daraja, na hizo hazifai kushughulikiwa kwa namna hii.

Legeza nyuzi zote, kivute kwa koleo iliyovishwa kitambaa. Kabla hakijatoka, weka alama ya penseli upande wa uzi wa A na upande wa mbele. Vigongo vingi vimechongwa juu kwa namna inayosogeza kila uzi mahali pake, na kikirudishwa kinyume sauti zitapotea hata kimo kikiwa sawa.

Kilikuwa na kimo cha milimita 9.0. Kitoke 1.2, kibaki 7.8. Mstari wa penseli ulipigwa kuzunguka pande zote nne, milimita 1.2 kutoka chini. Ni chini panaposuguliwa, kamwe si juu, kwa sababu umbo la juu ndilo linalopanga sauti. Msasa namba 150 ukabandikwa juu ya kipande cha kioo, maana meza ya mbao huwa na mabonde yasiyoonekana. Kigongo kikaegemezwa kwenye kipande cha mbao chenye pembe mraba ili kisiinamie upande, kikasuguliwa kwa mwendo wa mbele na nyuma. Kila mara 20, geuza ncha ya kushoto iwe kulia, kwa kuwa mkono hukandamiza upande mmoja bila mwenyewe kujua. Ilipobaki milimita 0.2 kufika mstarini, msasa ukabadilishwa kuwa namba 240.

Umakini unaotakiwa hapa ni wa sakafu ya kigongo, zaidi ya kimo. Simamisha kigongo juu ya kioo, tazama kwa ubavu dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya katikati au pembeni, sakafu ina tumbo, na sauti itakayopita kwenda mwilini itakuwa hafifu. Ukulele yenye kinasa sauti chini ya kigongo huonyesha kosa hilo mara moja, maana uzi mmoja husikika mdogo kuliko mingine kwenye spika.

Katika kisa hiki kigongo kilipunguzwa kutoka kuchomoza milimita 4.5 juu ya daraja hadi 3.3. Kisibaki chini ya 2 hivi, kwa sababu uzi usipokunjwa vya kutosha nyuma yake haukikandamizi, na unaanza kuruka. Aliyekata kupita kiasi anawekewa ukanda wa kadi chini ya kigongo, ile ya milimita 0.76 iliyokatwa kwa upana wa mfereji, ambao utapandisha freti ya 12 kwa 0.38. Si aibu na haisikiki kwenye sauti kwa kiasi cha kumsumbua mwanafunzi.

Vipimo vya mwisho

Nyuzi zikarudishwa na kukazwa, zikaachwa. Nailoni iliyolegezwa hurudi kwa mwendo wa kobe: siku ya kwanza ilikazwa upya karibu kila nusu saa, siku ya nne mara moja asubuhi. Vipimo vya kimo vilivyochukuliwa siku ya kwanza havifai kwa lolote, kwa hiyo hivi ni vya siku ya nne. Freti ya 1: 0.45 kwa C na E, 0.4 kwa A, 0.5 kwa G, iliyoachwa juu kidogo kwa makusudi baada ya yaliyotokea. Freti ya 12: zile kadi tatu na karatasi mbili zilipita chini ya C zikigusa uzi bila kuunyanyua, chini ya A zilibana kidogo.

F kwenye uzi wa E ilipanda senti 6 badala ya 17, na freti ya 12 senti 3 badala ya 9. Senti 6 kwenye noti fupi ya ukulele ni vigumu kuisikia ukipiga kodi nzima. Kidole cha shahada hakiumi tena.

Bb bado inamsumbua. Kodi hiyo, 3211 (freti za G, C, E na A kwa mfuatano), hudai kidole kimoja kilale juu ya nyuzi mbili kwenye freti ya 1, na mwenyewe aliuliza kama mifuo inaweza kushushwa tena kidogo kwa ajili yake. Kwa milimita 0.45, kimo si sababu tena. Kidole chake kimelala bapa. Kikigeuzwa kidogo upande wa gumba, pale ngozi ilipo ngumu, na kusogezwa karibu kabisa na freti, Bb inatoka. Mfuo ukishushwa zaidi utarudi pale uzi wa G ulipokuwa, na ule unga mweupe umeshakwisha.